Mpira na Utani katika Nchi Yetu ya Kusini

Ndugu wasomaji, katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na hospitali zilizotibu watu wengi. Hayo yote ni mema, nayo yastahili kuandikwa. Lakini mtu atakaye kujua jinsi watu wa nchi fulani wanavyoishi pamoja, haimtoshi kuwatazama wakiwa kanisani au darasani. Yampasa kuwatazama pia saa 10 jioni, kazi zikiisha, wanapokutana uwanjani. Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika habari za mpira wa miguu katika nchi yetu, tangu Mtwara na Mikindani hata ukingo wa Ruvuma, na bara mpaka Masasi na Ndanda; tena na habari za jirani zetu wa Lindi na Ruangwa, maana mpira hauchezwi na upande mmoja.

Pengine mtu atauliza: Mpira una nini na Jubilei? Twajibu kwamba una mambo mawili. Kwanza, mpira uliingia kwetu kwa mlango wa shule. Pili, umetufundisha jinsi watu wawezavyo kushindana kwa nguvu zao zote, kisha wakala chakula kimoja. Jambo hili la pili lina jina la zamani katika nchi yetu, nalo ni utani. Neno letu katika habari hizi ni hili: timu zetu zilisitawi ziliposimama juu ya utani wa majirani, na zilidhoofika zilipoutegemea mfuko wa mtu mmoja, au idara moja, au kelele za siku za ushindi.

1. Mpira ulivyotufikia

Katika karne ya 19 Misheni ya UMCA ilikuwa na chuo chake Kiungani, katika kisiwa cha Unguja. Wanafunzi wengi wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa: Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengine wengi. Hawakuwa na lugha moja ya mama. Darasani waliunganishwa na Kiswahili. Nje ya darasa waliunganishwa na mpira. Wanaochunguza habari za michezo wanakihesabu Kiungani kuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa pa kuchezwa mpira wa miguu katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Sasa angalieni uhusiano wa Kiungani na nchi yetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alivuka kutoka Unguja hata Lindi, akapanda bara pamoja na watu waliowekwa huru, nao wakafanya kijiji Masasi. Tangu hapo njia ya Kiungani na Masasi haikukatika. Wavulana walipelekwa Unguja kusoma, wakarudi kuwa walimu, na baadhi yao makasisi. Cecil Majaliwa, aliyesomeshwa Kiungani, alikuja Chitangali mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa ukasisi. Mwalimu atokaye chuoni haji na vitabu tu. Huja pia na nyimbo alizoimba na michezo aliyoicheza, na watoto hushika michezo upesi kuliko hesabu.

Upande wa pili walikuwako mapadre Wabenediktini. Nyumba zao za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Ikawa nchi yetu ina shule za misheni mbili, kila moja na mapokeo yake, na kwa muda mrefu wakubwa wao hawakupenda sana kuketi pamoja. Lakini shule ikiwa na watoto huwa na uwanja, na uwanja hauulizi mtoto alibatizwa wapi.

Sisi tuliosoma katika shule hizo twajua uwanja ulivyokuwa. Magoli yalikuwa miti miwili na mwanzi juu yake. Mpira wa kweli ulikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, ukatolewa siku kubwa. Siku nyingine tulicheza chandimu, yaani mpira wa matambara na mifuko uliokazwa kwa kamba. Viatu havikuwako. Na uwanja huo wa shule ndio uliokuwa uwanja wa kijiji kizima: hapo palichezwa ngoma, hapo palifanywa mikutano, na hapo timu ya kijiji ilimngoja mgeni wake.

2. Mashindano yaliyokuwako kabla ya mpira

Lakini tusidhani kwamba watu wa pwani walifundishwa na wageni kushindana. Mpira ulikuta mashindano yako tayari. Katika miji ya Tanganyika, hasa baada ya vita vya 1914 mpaka 1918, vijana waligawanyika katika vyama vya ngoma ya beni, na vyama vikubwa viwili viliitwa Marini na Arinoti. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo, kwa kwata, na kwa karamu. Mtu wa nje aliona fujo tu. Lakini vyama hivyo vilikuwa pia na daftari na viongozi, na mwanachama aliyeugua au kufiwa alisaidiwa na wenzake. Basi mpira ulipoingia mijini, ulipata nyumba iliyokwisha kujengwa. Watu walijua kuwa na upande wao, kuchanga senti, na kuvaa sare.

Tena uko utani wenyewe, ulio wa zamani kuliko beni. Wazee husimulia kwamba makabila mengi yaliyopigana zamani ndiyo yaliyokuja kutaniana. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wetu waliwaita Magwangwara, walikishambulia kijiji cha misheni cha Masasi, wakaua watu na kuchukua mateka. Lakini baada ya vita vile Wangoni wamekuwa watani wa makabila mengi ya nchi hii. Mtani hukusema mbele ya watu, hukuchukulia kuku wako, hucheka ukianguka, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini siku ya msiba mtani ndiye ashikaye kazi za mazishi, na kwa maneno yake ya mzaha huwafuta wafiwa machozi. Mtu wa namna hii huwezi kumwita adui.

Hapo ndipo Kiswahili kilipochukua neno lake. Timu mbili zinazoshindana sana hatuziiti maadui, twaziita watani wa jadi. Watu walisema hivi bila kufikiri sana, nao wakasema kweli.

Mchezo kati ya vijiji viwili ulifuata desturi hiyo. Wageni walikuja kwa miguu, wakiimba njiani nyimbo za kuwatukana wenyeji kwa upole. Wenyeji waliwajibu. Mwamuzi alikuwa mwalimu, kwa sababu alikuwa na filimbi, tena kwa sababu alikuwa mtu wa kuaminiwa na pande zote. Zawadi mara nyingi ilikuwa mbuzi. Na ushindi ukienda upande wowote, mbuzi yule aliliwa, na aliyeshindwa hakukosa nyama. Wazee wetu walikuwa na methali ya jambo hili: asiyekubali kushindwa si mshindani.

3. Mji mpya wa Mtwara

Hapo kale mji wa pwani hii ulikuwa Mikindani. Kutoka huko Livingstone alianza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na huko Wadachi walijenga boma lao mwaka 1895. Mtwara ya leo ni mtoto wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa kulima karanga Nachingwea na mahali pengine, wakatafuta bandari yenye kina kirefu, wakaipata hapa. Karanga zenyewe hazikufaulu, na mradi ulikwisha mwaka 1951. Lakini mji ulibaki, na bandari ikafunguliwa mwaka 1954. Reli ya kwenda Nachingwea haikudumu. Iling'olewa katika miaka ya kwanza ya uhuru.

Mji wa namna hii huwa na watu wa kila kabila. Wapo Wamakonde walioshuka kutoka uwanda wa Newala, na wengine waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Wamakua na Wayao kutoka Masasi. Wavuvi wa Msanga Mkuu na Msimbati. Na makarani na mafundi kutoka mbali. Wengi wa pwani ni Waislamu, na wengi wa bara Wakristo. Watu hawa hawakuwa na ukoo mmoja wala sala moja. Waliokutana kazini mchana walihitaji mahali pa kukutana jioni kwa hiari yao, na mpira ukawa mahali hapo. Upande wa kulia huchezwa na Juma na upande wa kushoto huchezwa na Yohana, na pasi haina dini.

Kwa kuwa mji ulikuwa wa kazi, timu zake zilikuwa za kazi. Idara iliyo na watumishi wengi ilifanya timu, ikawapa wachezaji ajira na usafiri. Ndivyo ilivyosimama timu ya Bandari ya Mtwara, iliyofika hata ligi ya juu ya Tanzania na kuupa mji huu jina. Desturi hii ilikuwa njema, maana mchezaji alikuwa na mshahara hata akivunjika mguu. Lakini ilikuwa na udhaifu wake. Timu ya idara ni mtoto wa idara. Idara ikipunguza watu au ikibadili mipango, mtoto hulala njaa, na majirani hawana la kufanya kwa sababu hawakumlea.

Lazima pia tutaje habari za njia. Kwa miaka mingi nchi ya Kusini ilikuwa kama kisiwa. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikinyesha barabara ilifungwa, magari yakazama katika matope siku nyingi. Timu iliyokwenda Dar es Salaam ilifika imechoka kabla ya kucheza, na timu za huko ziliogopa kuja kwetu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na barabara ya lami ikakamilishwa polepole. Wasomaji walio vijana hawajui jambo hili lilivyokuwa kubwa. Daraja lile liliwavusha wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara; pia liliuvusha mpira.

4. Kuchele

Sasa tunafika kwenye habari ambazo hata watoto wanazijua. Timu iliyochukua jina la Ndanda, na iliyocheza nyumbani Mtwara katika uwanja wa Nangwanda Sijaona, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/2015. Watu waliiita Ndanda Kuchele. Kuchele ni neno la huku kwetu, maana yake kumekucha.

Jina hilo lilikuwa na uzito wake. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, watu wa Mtwara walikuwa wameingia katika fujo na huzuni kwa ajili ya gesi ya Mnazi Bay na bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, na jirani alimwogopa jirani. Si kazi yetu hapa kuhukumu mambo hayo. Twasema tu kwamba mji uliotoka katika usiku wa namna ile ulipata, baada ya mwaka mmoja na kitu, sababu ya kukusanyika mahali pamoja bila hofu, ukapiga kelele kwa furaha, ukasema kumekucha.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Tarehe 20 Septemba 2014, katika mchezo wake wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu, Ndanda iliifunga Stand United mabao 4 kwa 1 huko huko Shinyanga. Timu tatu zilikuwa zimepanda pamoja mwaka ule, na moja, Polisi Morogoro, ilishuka msimu ule ule, Ndanda ikabaki. Mwezi Septemba 2018 Simba, waliokuwa mabingwa, walikuja Mtwara wakarudi na suluhu ya 0 kwa 0. Kwa jumla Ndanda ilikaa Ligi Kuu misimu 6. Kwa mji wa mbali, usio na kampuni kubwa iliyokubali kuibeba timu miaka yote, hayo yalikuwa mafanikio ya kweli.

Na katika miaka ile mji ulipata faida ambazo hazionekani katika hesabu ya mabao. Siku ya mchezo mama lishe aliuza wali wake mapema. Nyumba za wageni zilijaa. Vijana wa Msanga Mkuu walivuka maji kwa vyombo vyao. Watu wa Tandahimba na Newala walishuka kwa mabasi. Watoto wa shule waliona kwa macho yao kwamba mtu aweza kucheza Mtwara na jina lake likasomwa nchi nzima.

Lakini fedha zilikuwa shida tangu mwanzo. Mfuko wa nchi yetu ni korosho. Mnada ukifunguliwa mwezi wa 10, watu huwa na kitu mkononi, nao huchanga kwa moyo. Masika ikifika, mifuko ni mitupu, na timu bado ina safari za Mwanza na Kagera. Mwaka 2018 minada ilikwama, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walingoja malipo yao muda mrefu. Hatusemi kwamba korosho ndizo zilizoishusha timu. Twasema kwamba timu inayokula mara moja kwa mwaka haiwezi kukimbia mwaka mzima.

5. Ndugu wa Ruangwa

Mpaka mwaka 1971 Lindi na Mtwara zilikuwa mkoa mmoja. Ndiyo sababu sisi wa pande hizi mbili twasemana kama watoto waliolelewa katika nyumba moja: wewe wa Lindi wajidai ukale wako, na mimi wa Mtwara najidai bandari yangu. Timu kama Kariakoo ya Lindi ziliuendeleza utani huo kwa miaka mingi. Lakini utani ulipata moto mpya Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/2020. Ndipo kwa mara ya kwanza Ndanda na Namungo walikutana katika ligi ya juu, nasi wa Kusini tukawa na watani wetu wenyewe, bila kuazima wa Dar es Salaam.

Msimu huo mmoja ulikuwa na furaha na machozi. Mwezi Julai 2020 ligi ilipokwisha, Ndanda ilishuka daraja. Tarehe 24 ya mwezi ule ule alifariki Benjamin Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi, aliyepata masomo yake katika shule za misheni, Ndanda ikiwa mojawapo. Katika siku za maombolezo uwanja mkubwa wa taifa ulioko Dar es Salaam, wenye viti 60,000, ulipewa jina lake. Na tarehe 2 Agosti, huko Sumbawanga, Namungo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na Simba, ikafungwa 2 kwa 1. Kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, Namungo ikapewa nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika.

Hapo moyo wa mtu wa Mtwara ulijaribiwa. Timu yake imeanguka, na ya jirani inapanda ndege. Wapo waliosema: Na wao waanguke. Lakini wengi hawakusema hivyo. Namungo ilipocheza na Primeiro de Agosto ya Angola mwezi Februari 2021, michezo yote miwili ikachezwa Dar es Salaam baada ya matatizo yaliyoipata timu kule Luanda. Ilishinda wa kwanza 6 kwa 2, ikapoteza wa pili 3 kwa 1, ikapita kwa jumla ya mabao 7 kwa 5 na kuingia hatua ya makundi. Watu wa Mtwara walishangilia kana kwamba ni timu yao. Katika makundi ilikutana na Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, ikashindwa michezo yote 6; nao watani wakacheka sana, kama iwapasavyo. Walicheka baada ya kushangilia. Huo ndio utani wenyewe.

Tuseme pia kwa haki kwamba Namungo nayo ilipata msaada wa wakubwa. Uwanja wake wa Ruangwa uliitwa kwa jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, na Waziri Mkuu tangu 2015 hata 2025. Msaada wa mtu mkubwa ni baraka, walakini mtu mkubwa hakai milele katika kiti. Timu hupimwa kweli siku ile mlezi wake anapostaafu, na watu wa Ruangwa wanafahamu kwamba sasa kazi ni yao.

6. Simba na Yanga, watani wa kuazima

Lipo jambo moja ambalo twalisema kwa upendo, ingawa litawachoma wengine. Katika kila kijiji cha pwani hii, tangu Kilambo hata Mikindani, utakuta watu wa Yanga na watu wa Simba. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, zote Dar es Salaam. Sifa zao zimefika kila mahali, kwanza kwa redio, kisha kwa televisheni. Nyumba moja yaweza kuwa na baba wa Yanga na mama wa Simba, na siku ya mchezo wao chai huchelewa kupikwa.

Hatuyalaumu mapenzi hayo. Tena tumeona jambo jema ndani yake: mahali pengi wapenzi wa timu hizo wamefanya matawi, na tawi huchangia harusi za wanachama wake, hupeleka mchango wa rambirambi, na siku ya mazishi upande wa pili huja pia. Yaani watu wetu walichukua utani wa mbali wakaufanya wa karibu, kama walivyofanya wazee kwa ngoma ya beni. Hiyo ni akili ya nchi yetu, nasi twaisifu.

Lakini angalieni lililotokea Ndanda ilipokuwa Ligi Kuu. Simba au Yanga walipokuja Mtwara, uwanja ulijaa hata watu wakapanda miti. Na wengi wa waliojaa, ambao ni wazaliwa wa Mtwara, walivaa nyekundu au kijani, wakaishangilia timu ya wageni mbele ya watoto wao wenyewe. Wiki iliyofuata, timu ndogo ilipokuja, viti vilikuwa vitupu. Mchezaji wa Ndanda alicheza nyumbani kama mgeni. Methali yasema mcheza kwao hutuzwa; huyu alicheza kwao akazomewa.

Basi timu iliposhuka, kila mtu alitafuta wa kumlaumu: viongozi, kocha, fedha, mwamuzi. Huenda kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Lakini hata msimu wa 2024/2025 ulipokwisha, Mtwara haikuwa imerudisha timu Ligi Kuu, na hatukuona watu wengi wakiomboleza, maana Simba na Yanga bado zilikuwako katika televisheni. Hilo ndilo lililotuhuzunisha kuliko kushuka kwenyewe. Mtu akifiwa na asijue kwamba amefiwa, ni nani atakayemletea rambirambi?

7. Linalotupasa

Wasomaji, hasa ninyi walimu, habari hizi hazikuandikwa ili tukae tukisikitika. Mpira uliingia nchi hii kwa uwanja wa shule, na tunaamini kwamba utainuka tena kwa mlango ule ule. Mwaka 2019 michezo ya shule za Tanzania nzima ilifanywa Mtwara, na watoto wa mikoa yote walicheza katika viwanja vyetu. Ikiwa tuliweza kuwapokea watoto wa nchi nzima, twaweza kuwalea wetu.

Kwanza, tuvilinde viwanja vya shule. Uwanja usiopimwa na kuandikwa huliwa polepole: leo kibanda pembeni, kesho nyumba, keshokutwa watoto wanacheza barabarani. Kamati za shule na mabaraza ya makanisa yana wazee wanaojua mipaka. Waionyeshe wakiwa hai.

Pili, turudishe mashindano ya vijiji na ya mitaa, yenye zawadi ndogo na heshima kubwa. Mbuzi mmoja atosha. Wageni walishwe, mwamuzi aheshimiwe, na nyimbo za utani ziimbwe bila matusi. Mchezaji mkubwa hatoki mawinguni. Hutoka katika michezo 100 ya vumbi ambayo hakuna gazeti lililoiandika.

Tatu, timu ya nyumbani ikisimama tena, tusiiachie idara moja wala tajiri mmoja. Watu 1,000 wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi, ni shilingi milioni 1. Fedha hizo hazitoshi kwa Ligi Kuu, lakini zatosha kumfanya kila mmoja wa hao 1,000 aseme timu hii ni yangu, na akatae kuizomea siku Simba wanapokuja.

Nne, tuandike. Habari nyingi za timu zetu za zamani, majina ya wachezaji wa Bandari na wa timu za vijijini, zimo vichwani mwa wazee tu. Mwalimu mwenye daftari na wanafunzi wenye kalamu waweza kuwauliza kabla hawajazichukua kaburini.

Mpende Simba, mpende Yanga, hakuna awakatazaye. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku utakapougua, wa Ruangwa na wa Mikindani, wa Masasi na wa Msimbati, ndio watakaobisha hodi. Hao ndio watani wako wa kweli. Mpe mtani wako timu ya kushindana nayo, naye atakupa sababu ya kukimbia. Na mkiisha kucheza, mkeleti mle pamoja, kama wazee wetu walivyomla mbuzi wa mashindano yao.